Nati Tano za Gurudumu la Nyuma

Kisegi,
14 Mei 1996

Kwa Fundi Nchagwa,

Salamu zangu ni chache, maana moyo wangu si mzuri. Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuria sikijui na Kigusii changu hutakisoma.

Alhamisi iliyopita gari yetu ilianguka. Ni ile pikapu ya bluu tuliyokuletea hapo Migori tarehe 29 mwezi wa nne, ukatengeneza breki za nyuma. Mume wangu Mayaka alikuwa anampeleka mdogo wangu Roseline Homa Bay, ambako ni mwalimu, shule zikifunguliwa. Walipopita Magunga na kuanza kuteremka, Mayaka aliona gurudumu linawapita upande wa kushoto, linakimbia peke yake mbele yao kama mtu aliyechelewa sokoni. Akamwambia Roseline, "Tazama, hilo gurudumu la nani?" Kabla Roseline hajajibu, gari ilikaa chini nyuma, ikaburuta, ikalala mtaroni. Gurudumu lilikwenda likavunja mahindi ya watu, likasimama kwenye ghala yao.

Mayaka alichubuka kiwiko tu. Roseline alibanwa na mlango, mfupa wa paja ukavunjika mahali pawili. Sasa amelala hospitali Homa Bay, mguu umeinuliwa, umefungwa uzito wa kuuvuta. Wanasema wiki kumi na mbili, na hawaahidi kwamba atatembea sawasawa.

Fundi, gurudumu halijifungui. Mayaka anasema hakuna mkono ulioligusa tangu litoke kwako. Nimewaambia wenye magari wote wa Kisegi na Sindo, na wa Karungu nitawaambia nikienda kununua chumvi. Sitaki kitu chako. Nataka uniandikie uniambie ulikuwa unawaza nini wakati mikono yako iko kwenye gari yetu.

Ni mimi,
Dorah Nyasuguta (Mama Kezia)


Migori,
20 Mei 1996

Mama Kezia,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Pole. Mwambie mwalimu pole.

Umeuliza nilikuwa nawaza nini. Nitakuambia ninachokumbuka. Nilimaliza breki, nikarudisha gurudumu. Nati zote tano nilizianza kwa vidole, kwa sababu nati ikianzwa kwa spana inaweza kuingia upande na usijue. Nikazikaza kidogo kidogo gari ikiwa bado juu ya jeki. Ninaruka kutoka moja hadi ile ya mbali, kama mtu anayechora nyota, ili ringi, chuma cha gurudumu, ikae sawa na isiegemee upande mmoja. Hayo nakumbuka. Nikateremsha jeki. Gari ikikanyaga chini ndipo hukazwa mara ya mwisho, na ndiyo kazi yenyewe.

Hapo ndipo ndugu yangu alipoingia, ametoka Ntimaru, na habari ya nyumbani. Kati ya maneno yake na gari yenu kutoka, sikumbuki mkono wangu ulifanya nini. Nimejaribu kukumbuka tangu jana. Najiona nimeshika spana. Lakini kushika spana si kukaza.

Kwa hiyo sitabishana nawe. Nimefunga gereji. Mtu asiyekumbuka kama alikaza nati hafai kuwekewa gari za watu.

Nchagwa Marwa


Kisegi,
3 Juni 1996

Fundi Nchagwa,

Nilingoja barua ya kunitukana, au ya kuniambia sisi hatujui kuendesha. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu. Sasa umeniacha nayo mdomoni.

Nilimsomea Mayaka barua yako jioni ile ile. Alitoka akaenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshafungwa.

Nilikwenda kumwona Roseline. Bado amelala chali. Anasahihisha madaftari ya watoto akiwa ameyashika juu ya uso wake, wino unamdondokea. Nilimwambia kwamba fundi amekubali kosa. Akaniuliza, "Amekubali au hakumbuki? Hayo ni mambo mawili, Dorah." Yeye ni mwalimu, hamwachi mtu apite hivi hivi.

Maneno yake yalinisumbua njia nzima. Nilipofika Magunga nilishuka nikaenda kwa yule mama mwenye mahindi. Gurudumu bado liko kwake, kuku wanalala ndani yake. Nimelitazama. Sijui natafuta nini. Gari yenyewe ilivutwa mpaka kituo cha polisi, na kwenye hapu, pale gurudumu linapofungiwa, bolti tatu zimebaki vipande na mbili zimekatika kabisa. Askari aliniruhusu nizitoe hizo tatu. Nimeziweka ndani ya mkebe wa majani ya chai na ninamtuma nao mwenye basi. Wewe ndiye fundi. Zitazame, uniambie ukweli hata kama ni mbaya kwako.

Dorah


Migori,
10 Juni 1996

Mama Kezia,

Mkebe umefika. Nimefungua mlango wa gereji kwa ajili ya bolti hizi tu, nikaufunga tena.

Kabla sijasema lolote, nakuomba urudi kwa yule mama wa Magunga, au umtume mtu mwenye macho mazuri. Atazame matundu matano ya ringi mahali nati zinapokaa. Kama nati zililegea, gurudumu lilicheza kilomita nyingi kabla ya kutoka, na matundu yatakuwa yamelika, yamerefuka kama yai. Mayaka angesikia kugonga, na usukani ungetetemeka. Kama matundu ni mviringo safi, basi nati hazikulegea.

Sasa bolti. Nimechukua nati mpya nikaipandisha kwenye kipande kimoja. Inapanda vizuri kwa vidole, halafu inagoma. Mahali inapogoma, meno ya bolti yamevutika na shingo imekonda. Bolti ya namna hiyo haikulegezwa, Mama Kezia. Ilikazwa kupita kiasi mpaka ikanyooka, na chuma kikishanyooka hakirudi. Kinakatika siku kinapotaka.

Na kuna grisi kwenye meno. Mimi sipaki grisi hapo. Grisi inafanya spana iende mbali kuliko mkono unavyodhani. Unasikia kama nguvu ni ile ile, kumbe bolti inalia.

Sisemi kwamba nimepona lawama. Bado sikumbuki. Lakini mkono wangu hauna uwezo wa kunyoosha bolti hizi kwa spana ya kawaida. Aliyefanya hivi alitia bomba kwenye mpini wa spana, akasimama juu yake.

Naomba umwulize Baba Kezia polepole, bila ugomvi, kama kulikuwa na pancha.

Nchagwa


Kisegi,
19 Juni 1996

Kwa ndugu Nchagwa,

Salamu katika jina la Bwana wetu. Natumaini hujambo na familia yako. Barua hii naiandika bila mke wangu kujua, naye anayekuletea ni mtu ninayemwamini. Tafadhali uisome peke yako.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kisegi, mwaka wa saba sasa. Nimesimama mbele ya watu nikawafundisha juu ya Sabato, nikamwondoa mtu mmoja kwenye kwaya kwa sababu alivua samaki siku hiyo. Nakuambia haya ili uelewe ninapokwama.

Jumamosi tarehe nne Mei nilisema nakwenda Sindo kumwombea mgonjwa. Mgonjwa yuko, na nilimwombea, lakini dakika kumi tu. Kisha nilikwenda uwanjani. Wavuvi wa kisiwa cha Remba walikuwa wanacheza na walimu. Nchagwa, sijawahi kuacha mpira moyoni mwangu. Nilisimama nyuma ya mti ukingoni mwa uwanja kama mwizi, nikatazama mpaka mwisho. Wavuvi walifunga mawili.

Nikirudi, gurudumu la nyuma kushoto likapata pancha. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na hofu, maana watu wa kanisa hupita njia ile. Nati zilikuwa ngumu kutoka. Nilipoweka spea nikapaka grisi, nikasema zisinisumbue tena siku nyingine. Mvuvi mmoja alinipa bomba la chuma. Nilisimama juu yake nikaruka, mara mbili kila nati, mimi na kilo zangu tisini na suruali ya kanisani. Nilidhani nafanya vizuri. Nilisema moyoni, gurudumu hili halitatoka kamwe.

Dorah aliniuliza kama kulikuwa na pancha, nikakataa. Nilikataa kabla sijafikiri, na baada ya hapo sikujua njia ya kurudi.

Najua umefunga kazi. Sipati usingizi. Nakuomba jambo moja. Je, huwezi kumwandikia kwamba bolti zilikuwa za zamani, zimechoka tangu kiwandani? Hapo wewe utakuwa safi na mimi pia, na hakuna atakayeumia.

Wako katika imani,
Mayaka


Migori,
24 Juni 1996

Baba Kezia,

Nimeisoma peke yangu kama ulivyotaka.

Nakushukuru kwa kuniandikia. Nimekuwa mwezi mmoja nikiamka asubuhi na kunyoosha mkono kama nashika spana, ili nione kama utakumbuka. Sasa ninajua. Uliponiambia nati zilikuwa ngumu kutoka, ulinirudishia mkono wangu. Nati ambayo haikukazwa haiwi ngumu kutoka.

Ila umesema hakuna atakayeumia. Aliyeumia amelala Homa Bay.

Siwezi kuandika kwamba bolti zilikuwa za zamani. Nilizifunga mwenyewe mwaka jana, zilikuwa mpya. Sitamwambia Mama Kezia neno lako, maana neno ni lako. Lakini akiniuliza mimi, sitamdanganya, na unajua mke wako huuliza.

Sikuoni kuwa mtu mbaya. Mvivu angeacha nati zimelegea. Wewe uliongeza nguvu kwa sababu uliogopa, na watu wengi hufanya hivyo. Kila wiki nilikuwa napata gari ambayo mtu ameruka juu ya spana. Bolti inashika kwa sababu imevutika kidogo, kama kamba ya kufungia mzigo. Ivute kidogo, inashika. Ivute sana, umeiua, hata kama kwa macho bado imesimama. Spana ya gari ina urefu wake kwa sababu hiyo, na mkono wa mtu mmoja unatosha. Meno yanasafishwa kwa brashi ya waya, yanabaki makavu. Ukishatembea kama kilomita hamsini unasimama na kujaribu tena, maana gurudumu lililofungwa jana linakaa vizuri leo. Ungesimama siku iliyofuata ukajaribu, huenda moja ingekatika mkononi mwako, ukajua.

Mama Kezia ameandika kwamba ataenda Magunga kutazama matundu. Ukimwambia kabla hajarudi, utakuwa umemwambia wewe. Akirudi, matundu yatakuwa yamemwambia.

Nchagwa


Kisegi,
9 Julai 1996

Fundi Nchagwa,

Matundu ni mviringo. Nilipitisha kidole changu katika yote matano, kisha nikakaa chini kwenye shamba la yule mama.

Nilipofika nyumbani nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini Mayaka alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Nikamwambia, "Baba Kezia, nipishe."

Akasema, "Kulikuwa na pancha."

Nikamwuliza lini. Akaniambia lini, na wapi, na alikuwa ametoka kutazama nini. Nchagwa, mume wangu ana miaka arobaini na sita. Nilimwuliza, "Mpira?" Akasema, "Mpira." Sikujua kama nicheke au nimpige na mwiko. Halafu nikakumbuka mguu wa Roseline na kicheko kikaisha.

Jumamosi iliyopita alisimama kanisani. Hakuna aliyemwita. Alisema yote, mpira, grisi, bomba, na uongo. Alimtaja yule kijana wa kwaya akamwomba msamaha mbele ya watu. Wamemvua uzee wa kanisa kwa mwaka mmoja. Nadhani alilala vizuri usiku ule kuliko mimi.

Sasa zamu yangu. Niliwaambia watu wa Kisegi, Sindo na Karungu kwamba wewe ni muuaji. Wiki hii nimezunguka kote huko kulirudisha neno langu, na nimeona kwamba neno ni jepesi likitoka na zito likirudi. Mwenye lori mmoja wa Karungu alinitazama akasema, "Mama, kwani hukujua? Siku ile fundi alipewa habari ya kifo cha mama yake." Sikujua. Uliandika "habari ya nyumbani" ukanyamaza. Ungeniambia ningenyamaza mimi.

Pole, ndugu yangu. Pole kwa mama, na pole kwa niliyokufanyia ukiwa matangani. Naomba ufungue gereji.

Dorah Nyasuguta


Migori,
22 Julai 1996

Mama Kezia,

Asante kwa barua. Mama yangu alikuwa mzee, na alikwenda polepole. Sikuandika kwa sababu ungedhani ninatafuta huruma.

Gereji iko wazi. Jumanne Baba Kezia alikuja mwenyewe. Sikumwita. Walikuwepo madereva kama kumi wanakunywa chai, na akawaambia mbele yangu, "Huyu fundi hakukosa. Aliyekosa ni mimi." Dereva mmoja akamwuliza, "Sasa wewe ulikaza vipi?" Akamwonyesha, akaruka hewani kidogo. Walicheka, naye akacheka kwa uchungu. Halafu wanne kati yao walikwenda kimya kimya kwenye gari zao, nikawaona wanachungulia magurudumu. Siku ile nilibadilisha bolti za gari tatu.

Pikapu yenu ikitoka polisi ileteni. Hapu ile lazima iwe na bolti mpya zote tano. Usikubali mtu akufungie hata moja iliyokwisha kutumika.

Mama Kezia, kuna jambo linanisumbua. Tangu Mei tumeandikiana, mimi nikitafuta kama nina kosa, wewe ukitafuta mwenye kosa, Baba Kezia akilikimbia. Sijaandika hata mstari kwa mwenye mguu. Ndani ya bahasha hii kuna barua ndogo. Tafadhali mpelekee.

Nchagwa


Kisegi,
13 Oktoba 1996

Mpendwa Fundi Nchagwa,

Barua yako ndogo nimekaa nayo tangu Julai. Usidhani niliidharau. Uliniuliza swali moja tu, "Mwalimu unahitaji nini?", na sikuwa na jibu. Shemeji yangu alikuja akapiga magoti kando ya kitanda. Dada yangu aliniletea uji na machozi kila wiki. Wote walihitaji niwasamehe, na niliwasamehe, kwa sababu mtu aliyefungwa uzito mguuni hawezi kwenda mahali pengine. Lakini hakuna aliyeniuliza ninahitaji nini.

Uzito ulitolewa Agosti. Ninatembea kwa fimbo, na mguu wa kushoto umefupika kidogo. Watoto wa darasa la nne wanaiga mwendo wangu nikigeuka ubaoni. Wanadhani sijui. Wanaiga vizuri.

Jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba sikuweza kuingia kwenye gari. Kutoka hospitali hadi shuleni nilitembea, siku ya kwanza ya fimbo, saa mbili nzima, nikisema nafanya mazoezi. Ikifika gari karibu nami natazama magurudumu. Hapa Kisegi kwa dada sikuwa nimefika tangu Mei.

Mwezi uliopita ndipo nilipopata jibu la swali lako, nikamwandikia Mayaka badala ya kukuandikia wewe. Nisamehe. Nilimwambia aje na pikapu, spana, brashi ya waya, na zile barua zako zote, za Dorah na yake mwenyewe, maana Dorah amezihifadhi na alinisomea hospitalini. Amekuja Homa Bay leo asubuhi.

Nilimwambia aweke jeki na atoe gurudumu la nyuma kushoto, kisha akae pembeni asiguse kitu. Nililaza gunia chini nikaketi, mguu mbovu nimeunyoosha. Nilisoma barua zako kwa sauti, na kila uliposema jambo nililifanya. Nilisugua bolti mpaka zikang'aa. Nati nilizianza kwa vidole, na nilisikia kila moja ikipata njia yake. Nilikaza kwa kuruka, kama nyota. Mayaka akateremsha jeki, nikakaza mara ya mwisho kwa mkono wangu, bila bomba. Aliniambia, "Shemeji, ongeza kidogo." Nikamtazama. Akasema, "Basi, basi," akaenda kutazama ziwa.

Nilipanda, nikaweka mikono chini ya mapaja. Tulipofika Ndhiwa nilimwambia asimame, najua si kilomita hamsini, lakini sikuweza kungoja zaidi. Nikajaribu zote tano. Nne hazikusogea. Moja ilisogea kiasi cha unene wa ukucha, halafu ikatulia. Nililia pale kando ya barabara, Fundi, si kwa huzuni. Mayaka alinishikia fimbo.

Tulipokaribia mlima wa Magunga alianza kupunguza mwendo. Alitaka kunionyesha mtaro, au labda kuomba msamaha tena mahali penyewe. Nikamwambia, "Shemeji, endesha." Akaendesha. Niliuona mtaro ukipita. Una nyasi sasa. Mahindi yale yameshavunwa.

Tulifika Kisegi jua likiwa bado juu. Dorah alikuwa amesimama kando ya barabara na kanga mabegani. Hakunitazama mimi kwanza. Alikuwa ameinama kidogo, kidole kimeinuka, anahesabu magurudumu, moja, mawili, matatu, manne, na nadhani hata mwenyewe hakujua anafanya hivyo.

Roseline Kemunto